Mhariri, watoto wenye usonji wanakua, kazi zao ziko wapi?

Mhariri, salaam.

Mimi sio mwandishi, ni mama muuza spea za magari hapa Gerezani Dar es Salaam, kwa hiyo mnisamehe kama barua hii itakwenda kama daladala ya Mbagala, inajaza, inasimama ovyo, inaondoka tena. Ila nimeona nisipoandika leo sitaandika tena.

Kila ikifika tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani (usonji ndo ile wanaita autism, mtu ubongo wake unapokea sauti, maneno na watu kwa namna yake tofauti), magazeti yetu (na la kwenu limo) yanatoa picha zile zile, watoto wadogo wamevaa fulana za bluu, maputo, mgeni rasmi kashika kisu cha keki, na chini maneno kwamba jamii iwapende watoto wenye usonji. Sawa, tuwapende. Lakini siku hiyo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2007 ikaanza kuadhimishwa 2008, sasa hebu pigeni hesabu wenyewe, mtoto aliyekuwa na miaka sita kwenye picha za mwanzo kabisa leo ni mtu mzima ana ndevu. Yuko wapi? Mbona kwenye picha hayupo? Ndo swali langu, na ndo barua yenyewe.

Mi najua mmoja yuko wapi. Yuko dukani kwangu, kavaa vizuia sauti masikioni vile vya mafundi wa kukata vyuma, na saivi ninavyoandika hapa anapanga filta za oili zilizoingia jana. Ana miaka 24. Jina silitaji maana mama yake kanikubalia niandike kwa sharti hilo, ntamwita kijana wetu.

Mama yake anauza chapati na supu hapa nje kwetu miaka mingi. Kijana alikuwa anamwacha chumbani Tandika kamfungia kwa nje, na msimhukumu, nyie mngemwachia nani? Shule alisoma kwenye kitengo maalumu mpaka umri ukapita wakamwambia mama basi mwanao amemaliza, amemaliza aende wapi hakuna aliyesema. Siku moja mwenye nyumba kaja juu, wapangaji wamelalamika kelele, mama akawa hana jinsi akaja naye kwenye biashara, akamkalisha juu ya ndoo karibu na mlango wetu. Siku ya kwanza kakaa kwenye ndoo. Siku ya pili kakaa kwenye ndoo. Siku ya tatu nageuka namkuta ndani anageuza maboksi ya filta ili namba zote ziangalie mbele, yaliyochanganyika anayatenga, hajaomba ruhusa wala hajasalimia mtu. Shemeji yangu ambaye ndo tunaendesha naye duka akataka kumtoa, nikamwambia shemeji muache kwanza, hiyo kazi anayoifanya nilikutuma wewe toka Januari.

Kwa asiyeijua biashara hii ngoja nieleze kidogo. Kila spea ya Toyota ina namba. Ikianza na 90915 hiyo filta ya oili, 17801 filta ya hewa, 04465 pedi za breki za mbele, 04466 za nyuma, halafu zinafuata tarakimu au herufi zingine tano, na hizo ndo zinakuambia ni ya gari gani hasa. Ukikosea moja umeuza kitu cha gari la mtu mwingine. Sasa fundi anakuja mbio, mkono una grisi, anakwambia mama nipe kitu fulani cha IST. IST ipi? Kuna NCP60 ya injini ya 1300 na kuna NCP61 ya 1500, barabarani zote unaziona IST tu na sio kila spea inaingiliana. Vijana wangu wa kaunta walikuwa wanakisia, "chukua hii bro itaingia", na nusu saa baadae fundi huyo karudi kanuna, boksi limechanika, limejaa oili, na huwezi kulirudisha kwa aliyekuuzia jumla. Hasara hiyo kila mwenye duka mtaa huu anaijua ila tulishaizoea kama foleni.

Kijana wetu hakisii. Anadai namba ya chesisi, ile ya kwenye bodi ya gari inayoonyesha ni toleo lipi hasa. Fundi amwambie ana haraka, amwambie mteja anasubiri juani, amtukane, yeye anarudia vile vile kwa sauti ile ile "namba ya chesisi". Mwanzoni mafundi walikuwa wanakasirika wanahamia duka la pili, baada ya miezi kadhaa wakaanza kurudi wenyewe, maana ukiuziwa na kijana wetu hurudi kubadilisha. Zamani kwa wiki nilikuwa narudishiwa spea nane mpaka kumi, saivi mwezi unaweza kuisha nimerudishiwa moja, tena hiyo moja ukifuatilia unakuta aliuza shemeji. Kitabu cha namba hafungui, anazo kichwani, na zile zilizobadilishwa namba na kiwanda anajua ya zamani na mpya. Mafundi wakampa jina Kompyuta. Mi silipendi hilo jina, ntasema baadae kwa nini.

Halafu kuna hili la kusema ukweli, hapa ndo tuligombana mimi na shemeji mpaka kikao cha familia. Mteja anauliza "hii orijino?" Sasa nyie mnajua majibu ya Kariakoo, "ni orijino kabisa bosi wangu", au ukiona mteja mjanja unasema "hii ni orijino daraja la pili", sijui hilo daraja nani alilijenga. Kijana wetu akiulizwa anajibu "hapana". Basi. Anaonyesha iliyo orijino iko shelfu ipi na bei yake, mteja achague. Wiki ile ya kwanza shemeji alikuwa anashika kichwa, anasema huyu mtoto anatufilisi. Mimi nikasema tumpe mwezi. Kilichotokea ni kwamba watu wenye magari, sio mafundi, wenye magari wenyewe, wakaanza kuja wanauliza "yule kijana asiyedanganya yupo?" Asipokuwepo wengine wanaondoka wanasema watarudi kesho. Miaka 17 nipo mtaa huu sijawahi kuwa na mteja wa namna hiyo, mteja wa kusubiri mpaka kesho.

Na mtu anayesema ukweli kwa wateja anasema na ndani. Ametimiza miezi minne akiwa nasi, tunafunga hesabu, watu wote wapo, yeye anasema kwa sauti plagi Jumatano zilikuwa 36 leo zipo 32 na risiti hakuna. Kimya. Aliyechukua alikuwepo amesimama pale pale, na wiki iliyofuata kaacha kazi mwenyewe hajasemeshwa. Nilishafunga kamera nne mimi, hazijawahi kunionyesha kitu zaidi ya visogo vya watu. Ila hapa niwaonye wafanyabiashara wenzangu, msije mkasoma hii mkakimbilia kuajiri mtu mwenye usonji mkamfanya mpelelezi wa wenzie, siku ile nusura apigwe. Ilibidi nikae nae nimfundishe kwamba hesabu ya kupungua anaiandika kwenye karatasi ananiletea mimi mkononi, haisemi kaunta. Kaelewa mara moja, na hajarudia. Kwa nini asemewe mara kumi wakati umemwambia wazi? Hao wa kusemewa mara kumi ni wale wengine.

Sasa msione naandika mazuri tu mkadhani nauza kijana. Kulikuwa na shida, na nyingi nilizileta mimi.

Ya kwanza kelele. Mnaujua mtaa huu, jenereta, honi za bajaji, na wale jamaa wa matangazo wanaoweka spika mbili kubwa mlangoni kwako wanauza dawa ya panya. Siku moja wameweka spika pale, kijana kaziba masikio, kaingia chini ya kaunta, anajigongagonga kichwa, watu wamejaa wanasema mapepo, mmoja kashaanza kukemea kwa jina la Yesu, mwingine anasema aletewe shehe. Mama yake kaacha chapati zinaungua kaja akafanya kitu kimoja tu, akawaomba wale wazime spika. Dakika kumi kijana katoka chini ya kaunta kaendelea na kazi. Kesho yake nikanunua vile vizuia sauti kwa machinga, elfu 18. Elfu 18, mhariri, ndo gharama yangu kubwa kuliko zote ya kuajiri mtu mwenye usonji, nimeshapoteza zaidi ya hiyo kwenye chai ya wale wanaokuja kukagua leseni.

Ya pili ilikuwa kosa langu kabisa. Jumapili moja tukapanga shelfu upya, tukahamisha kila kitu, tukaona tumependezesha. Jumatatu kijana kafika kaangalia ndani kagoma kuingia. Kasimama nje mpaka saa sita. Mi nikaona ana kiburi, nikamfokea, na mpaka leo naona aibu. Mama yake akaniuliza kwa upole, dada, ungerudi kwako jioni ukakuta jiko liko chumbani na kitanda kiko barazani na hukuambiwa, ungefanyaje? Tangu siku hiyo tuna ubao mweupe ukutani, kila jioni tunaandika ya kesho, mzigo unaingia saa ngapi, nani hayupo, nini kinahama. Na hapa ndo sikutegemea, ule ubao umewasaidia wote. Shemeji ambaye alikuwa anasahau oda kila siku saivi anasoma ubao. Hata kutuma watu nimebadilika, zamani nasema "peleka hii pale kwa yule jamaa", mtu anaondoka hajui hii ni ipi wala jamaa ni nani, anapiga simu njia nzima. Kijana wetu ukimwambia hivyo hasogei, anasubiri umalize sentensi. Kwa hiyo nimejifunza kumaliza sentensi. Duka zima limenyooka kwa sababu ya mtu mmoja ambaye alikataa kukisia ninachotaka.

Ya tatu ni salamu. Jamani sisi Waswahili na salamu. Mtu akipita hajasalimia tayari ana dharau, hana malezi, anajisikia. Mama yake kamfundisha shikamoo na anaitoa vizuri, ila anaitoa mara moja, akifika asubuhi. Ukimpitia mchana ukamwambia "mambo vipi" anakujibu "tumeshasalimiana saa mbili". Wateja wengine wanacheka, wengine wanakasirika, mzee mmoja alitaka kuondoka na oda ya laki nne kwa sababu kijana hakusimama kumpokea. Nikamweleza. Mzee kakaa kimya kidogo kasema nina mjukuu wa hivyo, tumemficha. Tumemficha, kasema hivyo hivyo. Akanunua, na wiki mbili baadae akamleta mjukuu kutembea, mtoto wa kike wa miaka kama 15, hasemi kabisa, kashika boksi tupu kanusa kanusa kalirudisha mahali pake.

Sasa nije kwenye ofisi kubwa maana mimi ni muuza duka nina watu sita tu. Nyie mna intavyuu. Mtu anakaa mbele ya watu watano wamevaa suti, wanamwambia tueleze kuhusu wewe mwenyewe. Swali gani hilo? Aeleze nini, damu yake ni kundi gani? Wanamuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano. Halafu wanaandika pembeni "hamwangalii mtu usoni, hajiamini". Mhariri, mimi bibi yangu kule Lindi alinichapa kwa kumkodolea macho mtu mzima, adabu yetu ilikuwa unainamisha kichwa. Leo tumeazima mtindo wa watu wa kutazamana machoni, tumeufanya ndo kipimo cha akili, na kijana ambaye hata bibi yangu angemsifia kwa adabu tunamnyima kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta ambayo haina macho. Kijana wetu angepelekwa intavyuu asingepita dakika mbili, mimi niliajiri kwa kumuona anafanya kazi siku tatu juu ya ndoo. Hiyo ndo intavyuu, mpe mtu kazi yenyewe aifanye uone.

Na hilo sikulianzisha mimi. Mwanangu wa chuo alinisomea kwenye simu kwamba kule Denmark kuna baba mmoja anaitwa Thorkil Sonne, mtu wa kampuni za simu, mwanae akapimwa akaonekana ana usonji, mwaka 2004 akaanzisha kampuni inaitwa Specialisterne, na kupima watu anawapa vile vitofali vya Lego vya kuunda roboti anaangalia wanavyofikiri, kisha anawaombea kazi kwenye makampuni ya kukagua programu za kompyuta. Mwaka 2013 SAP, kampuni kubwa ya programu za kompyuta ya Ujerumani, ikaanza kuajiri kwa utaratibu unaofanana na huo ikishirikiana nao, Microsoft ikafuata 2015. Australia kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilipoweka timu za wakaguzi wa programu wenye usonji taarifa za mwanzo zikaonyesha wanazalisha 30% zaidi ya timu zingine. Makampuni haya sio ya sadaka jamani, hayo yanafukuza watu kwa barua pepe, yasingebaki na mtu asiyewaingizia.

Ila hadithi iliyonikaa mimi sio ya makampuni, ni ya mzee mmoja wa Mississippi Marekani. Donald Triplett. Huyu ndo mtoto aliyeandikwa wa kwanza kwenye ile ripoti ya daktari Leo Kanner ya 1943 iliyokuwa na watoto 11, yaani kwa wengi ndo mtu wa kwanza kabisa kuitwa ana usonji. Alizaliwa 1933, akiwa mdogo wazazi wakashauriwa wampeleke kwenye kituo cha kulea watoto mbali na nyumbani, wakampeleka, akadhoofika, baadae wakaenda kumchukua ingawa wakubwa wa kituo walisema muacheni. Kuna kipindi akakaa shambani kwa mke na mume wakulima. Donald alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu na kupima, hakuna kinachompita. Sasa wale wakulima hawakusoma saikolojia yoyote, walichofanya wakampa kazi ya kuchimba kisima awe anawaambia kimefika kina gani, na alipong'ang'ania kuhesabu mistari ya mahindi wakamwachia farasi na jembe alime huku akihesabu. Daktari alipokwenda kumtembelea akakuta mtoto analima mistari mirefu, farasi na jembe anavimudu vizuri. Mi nikisoma hapo nacheka peke yangu, ndo yale yale ya filta zangu.

Donald akasoma, akapata digrii mwaka 1958, akafanya kazi benki ya mji wao mdogo unaitwa Forest miaka 65. Sitini na tano! Alifariki Juni 2023 ana miaka 89, alikuwa anacheza gofu, anasafiri nchi za watu peke yake, na watu wa mji aliwapa namba, kila mtu ana namba yake na haisahau. Ndio, mtasema babu yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa benki hiyo, kweli, hata Mississippi kazi zinapatikana kwa kujuana, tusijifanye hatulijui hilo. Lakini ukoo unaweza kukuingiza kazini, haukuweki miaka 65.

Sasa kwa nini silipendi jina la Kompyuta. Kwa sababu limeshaniletea wazazi wanaolia. Wanasikia habari za kijana wetu wanakuja na watoto wao wananiambia mama na wangu anajua namba, na ukimwangalia mtoto hajui namba yoyote, anapenda maji tu, au anapenda kukunja vitambaa, au hasemi. Usonji sio kipaji cha namba. Wapo wenye kipaji na wapo wa kawaida kama mimi, na wapo wanaohitaji mtu wa kuwasaidia hata kuoga na hao hatuwezi kuwadanganya kwamba kesho wataajiriwa SAP. Lakini anayependa maji si yupo? Florida huko kuna familia ya D'Eri, wana kijana wao mwenye usonji, baba na kaka yake wakanunua sehemu ya kuosha magari wakaifungua upya mwaka 2013 inaitwa Rising Tide, wafanyakazi wengi wana usonji, kazi ya kuosha gari wameigawa hatua moja moja ambazo hazibadiliki, na gari linatoka safi kila kona kwa sababu anayeosha haruki hatua. Sisi Dar kila kona kuna kuosha magari na kila ukitoa gari lako unakuta tope kwenye pindo la mlango. Anayekunja vitambaa, hoteli zetu za Zanzibar zina mashuka mangapi? Yule mama wa Marekani Temple Grandin, ana usonji, hakusema mpaka alipofika miaka mitatu na nusu, amekuja kuwa profesa wa mifugo, alikuwa anaingia mwenyewe kwenye njia za ng'ombe machinjioni kuangalia kinachowatisha, anakuta mnyororo unaning'inia, kivuli, koti limetundikwa kwenye uzio, vitu ambavyo wenye machinjio wanavipita kila siku. Karibu nusu ya ng'ombe wa Marekani na Kanada wanapitishwa kwenye mitambo aliyoichora. Wafugaji wa kwetu wakimsikia nadhani watamuelewa haraka kuliko wasomi.

Kuhusu sheria nisiseme mengi, ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na watu wenye ulemavu angalau 3%. Nilivyolisoma kwa sauti dukani kijana wetu akasema hapo hapo "asilimia tatu ya ishirini ni sifuri nukta sita", na mimi sijui hiyo sifuri nukta sita unaiajiri kuanzia wapi mpaka wapi, labda ndo maana hawaajiri. Utani pembeni, ofisi nyingi zikisikia ulemavu zinawaza kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe, wanajenga ngazi ya mteremko wanapiga picha wanamaliza. Mwenye usonji hana kinachoonekana, anaonekana mkaidi tu. Na sio kwetu peke yetu, Uingereza pamoja na mapesa yao yote ripoti ya serikali ya mwaka 2024 ilisema kwa watu wazima wenye usonji kama 3 kwenye 10 tu ndo wana kazi, wakati wasio na ulemavu ni 8 kwenye 10. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2021 kwenye kila watu 127 mmoja ana usonji, yaani basi refu la mwendokasi likijaa asubuhi kama linavyojaaga, hesabu mmoja yumo, kabanwa dirishani kaziba masikio.

Kuna jambo moja limenikera na silitaji kwa jina. Kampuni moja hapa mjini ilichukua kijana mwingine, mtoto wa rafiki wa mama chapati, kwa mbwembwe, mwezi wa tatu mwishoni. Tarehe 2 Aprili wakamvalisha fulana ya bluu, wakapiga nae picha, wakaweka mitandaoni. Kazi waliyompa ni kukaa mapokezi. Mapokezi, mhariri! Mtu ambaye sauti za watu zinamuumiza unamuweka mlangoni pa watu. Mwezi wa saba wakamrudisha nyumbani wakasema ameshindwa. Na kipindi chote walikuwa wanampa nauli, mshahara hakuna, wanasema anajifunza. Sasa ukitaka kujua kama mtu anaajiri au anapiga picha, uliza mshahara. Kijana wetu alianza na elfu tano ya siku kama kibarua yeyote, saivi analipwa sawa na wa kaunta, na anaulizia tarehe 28 ikifika kuliko wote, ikifika saa nne hujalipa anakuja kusimama mbele yako. Hakai. Anasimama.

Mama yake siku hizi ana swali moja tu. Aliniuliza juzi tunakunywa chai, dada, nikifa? Zamani nilikuwa namjibu Mungu yupo. Juzi nikamwambia ana akaunti ya benki, ana bima ya afya, ana njia ya mwendokasi anaijua, ana watu 200 mtaa huu wanaomfahamu kwa sura. Akanyamaza akageuza chapati. Sijui kama nilimjibu.

Basi mhariri, ombi langu dogo. Mwakani tarehe 2 Aprili acheni maputo, mtume mwandishi dukani kwangu, namba yangu ya simu nimewaandikia nyuma ya bahasha, mama mtu kakubali na kijana mwenyewe kakubali. Lakini mniambie siku na saa mapema ili niiandike kwenye ubao, kamera iwe haina mwanga wa kumulika, na kama mmesema saa nne basi iwe saa nne, maana kuanzia saa nne kasorobo atakuwa kasimama mlangoni. Na mwandishi akichelewa akapigiwa simu, tafadhali sana, kama bado yuko Ubungo aseme yuko Ubungo, asiseme nipo hapo karibu naingia. Kijana atamuuliza karibu na duka namba ngapi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama muuza spea, Gerezani, Dar es Salaam.